Mwenye nyumba anataka kodi, umeme hakuna, na Biblia inasema "furahini"

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea barazani kwenye duka la vitambaa Kariakoo, Dar es Salaam, nalala Kimara. Natanguliza hilo usije ukadhani unafundishwa na mchungaji. Haya ndiyo huwa nawaambia wenzangu wa jumuiya wakiniuliza, "Mama, unachekea nini na mwenye nyumba anadai kodi ya miezi sita?"

Anza kwa kulalamika, tena kwa Mungu mwenyewe. Wengi tunaliruka hilo. Mtu akiulizwa hali anajibu "nimebarikiwa" huku kauma meno. Fungua Zaburi ya 13, ina mistari sita tu. Miwili ya kwanza inauliza "hata lini" mara nne. Miwili ya katikati inaomba: "uangalie, uniitikie". Kuimba kunakuja mwishoni kabisa. Fuata mpangilio huohuo, usianzie mwisho. Mimi huandika nyuma ya daftari la vipimo. Mbele utakuta kifua 38, kiuno 32, mkono mfupi, nyuma utakuta, "Bwana, hata lini huyu wa sare za kwaya atanizungusha na hela yangu?" Litaje tatizo kwa jina lake, na kiasi cha pesa ukitaje. Kusema "nisaidie katika changamoto zangu" ni kumpigia Mungu chenga. Na siku ambayo wimbo haupandi kabisa, soma Zaburi ya 88. Ile inaishia gizani, na hakuna aliyeitoa kwenye Biblia.

Kisha soma Waraka wa Paulo kwa Wafilipi. Nausomea kwenye basi la mwendokasi, nikijaliwa kiti, jambo ambalo nalo ni la kushukuru. Ni sura nne, hazichoshi. Ila usome kwa kutafuta shida, usikimbilie mistari ya kubandika ukutani. Utamkuta Paulo yuko kifungoni. Utamkuta Epafrodito, aliyetumwa na Wafilipi kumhudumia Paulo, aliugua nusura afe, na Paulo anakiri kuwa Mungu asingemhurumia ndugu yule, yeye angepata huzuni juu ya huzuni. Mtu wa "furahini" ndiye huyohuyo anayesema hivyo! Utawakuta kina mama wawili, Euodia na Sintike, hawaelewani mpaka wanasihiwa kwa majina mbele ya kanisa zima. Hilo liko sura ya 4 mstari wa 2. "Furahini katika Bwana siku zote" ni mstari wa 4. Yaani ugomvi haujapoa, furaha tayari imeshaagizwa. Ukishuka kituoni, chagua jambo moja ulitende siku hiyohiyo: mpigie uliyenuniana naye, au mshukuru aliyewahi kukutumia hela ya matumizi, kama Paulo anavyowashukuru Wafilipi mwishoni mwa barua.

Kuimba sitakueleza sana. Paulo na Sila waliimba gerezani usiku wa manane, na wafungwa wengine wakawa wanawasikiliza. Umeme ukikatika naingia kwenye cherehani ya miguu, na pambio linafuata mwendo wa pedali. Sauti yangu mbaya, jirani yangu wa vifungo na zipu anajua.

Linalosahaulika zaidi ni chakula. Kila mtu anaujua mwisho wa Nehemia 8:10, kwamba furaha ya BWANA ndiyo nguvu zetu. Mwanzo wa mstari huo unaagiza watu wale kilichonona, wanywe kilicho kitamu, wampelekee na asiyewekewa kitu. Kwa hiyo usijifungie ndani na shida zako. Ukipika maharage ya nazi, toa bakuli moja, lifunike kwa sahani, mtoto apeleke kwa jirani. Mimi jirani yangu ni Mwislamu. Ramadhani tambi na kaimati zake zinanifikia kabla sijaondoa vyombo vya mchana. Siku niliyokuwa sina hata unga, bakuli langu lilirudi na mchele, na hatukuhitaji maneno. Kama huna cha kupika, maji yakitoka mchotee mgonjwa ndoo mbili.

Sasa tahadhari. Akitokea mtu anakwambia furaha yako imefungwa mpaka utoe sadaka maalumu, tena kwa kutajiwa kiwango, funga pochi. Hiyo kodi utalipa na nini? Na huzuni ikikukalia wiki baada ya wiki, hulali, huli, hata watoto unawaona kero, nenda hospitali ukamweleze daktari hivyohivyo. Usimsubiri wa kukupima imani. Mwambie na mtu mmoja wa jumuiya akusindikize, maana foleni ya kumwona daktari ni ndefu, na atakayekushikia nafasi ukienda kununua maji anahitajika.