Laptopu Haichaji? Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kwenda kwa Fundi

Laptopu ikikataa kuchaji, wengi wetu Nairobi hushika njia ya Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya elektroniki, siku hiyo hiyo, na tukifika tunaambiwa betri imekufa. Huenda imekufa kweli. Lakini umeme hupitia soketi, fyuzi, waya, kisanduku cha chaja, tundu la kuchajia na bodi ya ndani kabla haujaifikia betri, na hitilafu yaweza kuwa popote humo. Ukiikagua njia hiyo nyumbani, utafika mjini ukijua unatafuta nini, na hutauziwa betri usiyoihitaji.

Kabla ya lolote, ikiwa chaji iliyobaki bado inawasha mashine, nakili kazi zako sasa hivi kwenye flashi au mtandaoni. Mwanafunzi mwenye tasnifu ndani ya laptopu inayozima asisubiri hata saa moja. Chaji hiyo ikiisha na tatizo liwe la bodi, kuzipata faili kutakuwa kazi nyingine, yenye gharama yake.

Sasa anza ukutani. Chomeka simu kwenye soketi ile ile uone kama inachaji, kisha ujaribu laptopu bila ekstensheni, maana ekstensheni nyingi za bei rahisi hulegea ndani. Plagi zetu za pini tatu zina fyuzi, na fyuzi ya chaja ya laptopu kwa kawaida ni ya ampea 3. Ikiungua, weka nyingine ya kiwango hicho hicho. Usifunge karatasi ya fedha ya sigara mahali pake, kwa kuwa fyuzi ndiyo inayokukinga na moto. Waya unaotoka ukutani kwenda kwenye kisanduku cha chaja huuzwa peke yake, na ule wa jirani unaweza kuingia kwenye chaja yako hata kama laptopu zenu ni za kampuni tofauti. Uazime dakika tano tu.

Kwenye chaja ndiko pesa nyingi zinakopotelea, kwa hiyo soma kibandiko chake pole pole. Mstari wa INPUT ukisema volti 100 hadi 240, chaja inaufaa umeme wetu wa volti 240. Mstari wa OUTPUT ndio wa kulinganisha na maandishi yaliyo chini ya laptopu. Volti zilingane: kama mashine inataka 19.5, usiipe 12. Ampea ziwe sawa au zizidi. Zikizidi hazidhuru, kwani laptopu huvuta kiasi inachohitaji tu. Zikipungua, itachaji kwa kusuasua, au asilimia zitashuka huku imechomekwa. Zidisha volti kwa ampea upate wati: chaja ya volti 19 na ampea 3.42 ni ya wati 65, na ya volti 19.5 na ampea 2.31 ni ya wati 45. Kuna watu wametumia chaja ya wati 45 kwenye mashine ya wati 65 kwa miezi, wakiilaumu betri.

Chaja nyingi za Dell na HP zina kipini chembamba katikati ya ncha, kinachoitambulisha chaja kwa kompyuta. Kikipinda au kukatika, laptopu huwaka vizuri ikiwa imechomekwa lakini betri haipandi hata asilimia moja. Kwa laptopu za USB-C, yaani zenye tundu dogo kama la simu za kisasa, chaja ndogo ya simu haitoshi, na kebo nayo ina kiwango chake: ya ampea 3 huishia wati 60 hata ukiichomeka kwenye chaja ya wati 100.

Mulika tundu la kuchajia kwa tochi ya simu. Vumbi na nyuzi za mkoba hushindiliwa humo, hasa kwenye USB-C; zima mashine, kisha zitoe kwa kijiti cha meno cha mbao, kamwe si kwa sindano. Ikiwa inachaji tu unapoushikilia waya kwa upande mmoja, na chaja nyingine inafanya hivyo hivyo, tundu limelegea. Kwenye laptopu nyingi za tundu la duara, tundu hilo ni kipande cha kubadilishwa peke yake, na bodi kuu haihitaji kuguswa.

Kuchaji kukikwama kwenye asilimia 60 au 80 kila mara, pengine hakuna kilichoharibika. Lenovo, ASUS, Dell na HP wana mpangilio unaozuia betri kujaa ili idumu, na ukinunua mashine ya ex-UK (iliyokwisha kutumika Uingereza) iliyotoka ofisini unaweza kuukuta umewashwa tayari. Utafute kwenye programu ya kampuni au ndani ya BIOS, mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla Windows haijawaka.

Betri yenyewe ina ushahidi wake. Kwenye Windows, fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) uandike powercfg /batteryreport, kisha ufungue faili itakayotajwa. Linganisha DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY: kama ilitengenezwa na 50,000 mWh (kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi) na leo inajaa 20,000, imebaki na asilimia 40, na hapo kununua mpya kuna maana. Kama betri inachomoka, itoe na uwashe mashine kwa chaja pekee. Ikiwaka, angalau umeme unaingia.

Kuna hali moja isiyoruhusu majaribio haya. Ukiona kifuniko hakifungi, sehemu ya kusogezea mshale imeinuka, au laptopu inayumba mezani, betri imevimba kama andazi. Izime, chomoa chaja, usiibonyeze wala kuitoboa, na umpe fundi aitoe. Isiishie kwenye pipa la taka, kwani betri za lithiamu zikipondwa huwaka moto; Nairobi kuna WEEE Centre inayopokea taka za elektroniki.

Ukienda mjini, beba chaja yako pia. Mwambie fundi ukweli wote: kama chai ilimwagika, au kama tatizo lilianza stima iliporudi ghafla. Mwombe apime chaja kwa mita na aifungue mashine mbele yako, baada ya kukubaliana bei ya kukagua. Nywila usimpe, kwa kazi ya kuchaji haihitajiki sana. Ukinunua betri au chaja, keti pale pale uone asilimia zikipanda kwa robo saa, ndipo ulipe na uandikiwe risiti yenye muda wa waranti.