Dainamo ya Land Rover 109 haichaji? Ipime kwanza kabla hujainunua nyingine

Wakuu, hizi Series Two za zamani taa ya chaji ikigoma kuzima watu wanakimbilia dukani, kumbe nusu ya kesi ni mkanda au kaboni (brashi za ndani ya dainamo) tu. Nazungumzia zile zenye dainamo (mashine ya zamani ya kuchaji betri) ya Lucas C40, sio oltaneta ya kisasa.

Anza na mkanda. Bonyeza kwa dole gumba katikati ya puli, ukizama kama milimita 12 poa, ukizama zaidi kaza.

Halafu pima. Chomoa waya mbili za dainamo, terminali kubwa ni D ndogo ni F, ziunganishe hizo terminali kwa kipande cha waya, waya mmoja wa mita ya volti hapo mwingine kwenye bodi, washa gari sailensa (bila kukanyaga mafuta) kisha uongeze mafuta kidogo kidogo. Volti zinatakiwa zipande bila kurukaruka na zikikaribia 20 acha hapohapo, usipige resi utaunguza. Zimepanda vizuri? Basi dainamo nzima, mchawi ni katauti (kisanduku kinachodhibiti chaji ya dainamo) au waya.

Zikigoma ishushe, fungua boliti mbili ndefu. Kaboni zikibaki chini ya milimita 7 weka mpya. Komyuteta (duara la shaba ambalo kaboni zinasugua) ikiwa nyeusi pitisha msasa laini wa mbao, ule wa chuma achana nao unaleta shoti, kisha futa na petroli. Kitundu cha oili cha nyuma matone mawili tu, ikifika kwenye kaboni umejitafutia kazi nyingine.

Ukifunga nyingine, kabla ya kurudisha waya chukua waya kutoka terminali ya betri ISIYOENDA bodini, gusisha F mara mbili tatu icheche. Mimi niliruka hapa, ikachaji kinyume, katauti ikaungua siku hiyohiyo.

MASWALI

– Mkuu ya kwangu taa inamweka nikiwa foleni, nikikanyaga inazima.
Kawaida hiyo, dainamo sailensa haitoi kitu. Foleni ya usiku punguza mataa.

– Nikiweka oltaneta je?
Inaingia, ila angalia waya wa betri uliofungwa bodini. Nyingi za kabla ya 1967 waya wa chanya ndio umefungwa bodini, ukifunga oltaneta ya kawaida hivyohivyo dayodi zinaungua papo hapo, geuza betri kwanza na waya za koili pia.

– Na redio?
Ing'oe kabla hujageuza betri kaka.