Somo: Chujio halichagui. Lishe ya mgonjwa mahututi aliye kwenye dayalisisi

Ndugu wauguzi wenzangu, mgonjwa akishaunganishwa na mashine ya dayalisisi, yaani ya kusafisha damu figo zikifeli, macho yetu yote huwa kwenye kreatinini (taka ya misuli), potasiamu na presha. Leo tutazame mfuko wa maji yanayotoka. Figo nzima huchuja damu, kisha mirija yake midogo hurudisha mwilini vinavyofaa. Mashine haina mirija hiyo. Yurea, taka inayotokana na protini, ina uzito wa molekuli 60, vitamini C 176, na zote hupenya chujio lilelile.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya kinachotoka. Dayalisisi ya mfululizo, ile ya usiku na mchana, hutoa maji mililita 20 hadi 25 kwa kila kilo kwa saa. Mgonjwa wa kilo 60, kwa kiwango cha 25, hutoa lita 36 kwa siku: karibu ndoo mbili za lita 20. Andika pia ni siku ya ngapi ya dayalisisi.

Hatua ya 2: Protini iongezwe. Hapa ndipo tunapowaumiza wagonjwa. Asidi amino, vijenzi vya protini, gramu 10 hadi 15 hupotea kila siku, sawa na mayai mawili hivi, huku misuli ikiyeyuka kwa ugonjwa wenyewe. Nimeona mgonjwa akipunguziwa protini ili yurea ishuke. Yurea tuiachie mashine! Mwongozo wa 2012 wa KDIGO, shirika la kimataifa la miongozo ya figo, unafika gramu 1.7 kwa kilo kwa siku. Kwa huyu wetu ni gramu 102. Uji wa unga na sukari kwenye mrija wa kulishia haufiki huko.

Hatua ya 3: Thayamini, yaani vitamini B1. Katika maji hayo zimewahi kupimwa kama miligramu 4 kwa siku, ilhali mtu mzima mwenye afya huhitaji takriban 1.2. Ikiisha, seli hushindwa kuchoma sukari, lakteti (asidi ya maziwa kwenye damu) inapanda, nasi tunadhani ni maambukizi na kuhangaika kuyasaka. Mkumbushe daktari mapema.

Hatua ya 4: Seleniamu, zinki na shaba. Vimeng'enya vinavyoukinga mwili dhidi ya oksidesheni vinazitegemea. Soma majibu pamoja na CRP, kipimo cha damu cha uvimbe mwilini, kwa sababu ugonjwa mkali wenyewe hushusha seleniamu na zinki na kupandisha shaba. Dayalisisi ikipita wiki mbili, omba kipimo cha shaba.

Fosfeti nayo ipimwe kila siku. Ikishuka, misuli ya kupumua hulegea.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, kwa nini tusimpe vitamini C kwa wingi?
Jibu: Kurudisha kilichopotea ni sawa, dozi kubwa ni jambo jingine. Jaribio la LOVIT, 2022, liliwapa wagonjwa wa sepsisi (maambukizi makali yanayofelisha viungo) vitamini C miligramu 50 kwa kilo kila saa 6. Waliofariki au kubaki na viungo vilivyofeli walikuwa asilimia 44.5, dhidi ya 38.5 kwa wasiopewa. Tena ziada hugeuka oksaleti, inayoganda kwenye figo.

Swali: Na vitamini A?
Jibu: Usiongeze. Imeshikamana na protini, haipiti kwenye chujio, na figo zikifeli hujilimbikiza.

Swali: Shikamoo. Mama yangu ametoka ICU, wodi ya mahututi, sasa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Nimpelekee juisi ya machungwa?
Jibu: Marahaba mwanangu. Juisi iache kwanza, ina potasiamu nyingi, na kati ya siku za kusafishwa ikipanda yaweza kusimamisha moyo. Mpelekee mayai au samaki, maana kila awamu humwondolea asidi amino gramu 6 hadi 12. Kuhusu matunda, mwombe mtaalamu wa lishe wa wodi aangalie kipimo chake cha karibuni cha potasiamu, akuambie lipi na kiasi gani.