Somo: Kutenga bodi za saketi kwenye paneli bila kupasua kapasita

Nikisema paneli leo, sisemi ile ya sola iliyo juu ya bati. Ni ule ubao mmoja mpana unaotoka kiwandani ukiwa na bodi ndogo kumi au ishirini zilizoshikana. Hapa Lamu mimi huunda bodi za taa za mashua, na ubao huo huvuka nao maji kutoka Mokowe pamoja na mizigo ya watu.

Kundi la kwanza nililivunja kwa mkono kwenye ukingo wa meza, kama mtu avunjaye biskuti. Taa zote ziliwaka, nikawapa wenyewe. Kusi lilipoanza kuvuma, zikaanza kurudi mojamoja, fyuzi imekatika. Nikang'oa kapasita moja ya kauri, kile kifaa kidogo kinachohifadhi chaji ya umeme, kwenye njia ya volti 12, nikaitazama kwa kioo cha kukuzia. Palikuwa na ufa mwembamba kuliko unywele, umeanzia chini penye ncha ya bati na kupanda mshazari hadi ubavuni. Kauri ni kigae: bodi ikipinda, yenyewe haipindi, hupasuka. Na kwa kuwa ndani ina matabaka mengi ya chuma yaliyokaribiana mno, unyevu ukiingia kwenye ufa ule, shoti haiko mbali.

Kwa hiyo kinachoua bodi ni kule kupinda kabla ya kukatika. Hatua zote zifuatazo ni za kuzuia kupinda.

Hatua ya 1. Kama unalehemu kwa mkono, tenga bodi kwanza, ulehemu baadaye. Nusu ya matatizo yameisha hapo. Paneli ina maana pale tu unapopaka risasi ya kulehemu iliyo kama uji kwa stensili (kibati chenye matundu) na kuchoma zote kwa pamoja.

Hatua ya 2. Tazama zimeshikanaje. Zipo zenye mfereji wa umbo la V juu na chini; kwenye bodi ya kawaida ya milimita 1.6, kilichobaki katikati ni kama theluthi moja tu. Zipo pia zilizochongwa pande zote zikaachiwa vishikizo vichache, vyenye vitundu vilivyopangwa kama vya karatasi ya stempu.

Hatua ya 3. Kwa mfereji wa V, nenda kwa fundi wa milango umwombe mabaki manne ya mbao ngumu, yaliyonyooka, marefu kama mfereji wenyewe. Kwanza pitisha kisu cha kukwarulia ndani ya mfereji mara tano au sita kila upande, ukifuata rula ya chuma. Usikandamize. Kisha bana bodi kwenye jiriwa katikati ya mbao mbili, mfereji ukiwa sawasawa na ukingo wa mbao. Mbao mbili nyingine zishike upande wa juu, nazo zigusane na mfereji. Sasa kunja kuelekea upande wenye vifaa, ili upande huo ubanwe, usivutwe. Kauri huvumilia kubanwa. Kuvutwa ndiko kunakoipasua. Utasikia "tak" moja kavu. Ukisikia mlio wa kuchanika mrefu, hukukwarua vya kutosha.

Anza na mistari mirefu, upate vipande virefu, ndipo utenge bodi mojamoja.

Hatua ya 4. Vishikizo vyenye vitundu usivivunje kwa kukunja. Vikate kwa koleo ya kukatia yenye mdomo bapa, kimoja kimoja, ukiegemea upande wa mbavu za paneli zinazotupwa. Kipele kinachobaki utakiondoa kwa tupa.

Hatua ya 5. Piga msasa ukingoni, barakoa ikiwa usoni. Vumbi hili ni nyuzi za kioo na gundi; linawasha ngozi na halifai kabisa mapafuni. Pangusa kwa kitambaa chenye maji, usipulize kwa mdomo, na usifanyie barazani watoto wanapopita.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Shela: Shikamoo mwalimu. Mkasi wa bati je? Unakata haraka.

Marahaba. Unakata haraka na unapinda haraka vilevile. Blade zake hukunja pande mbili kwa mwelekeo tofauti. Mbavu za pembeni ambazo hazina kifaa, sawa. Karibu na kapasita, hapana.

Mwanachama wa Malindi: Fundi, paneli yangu haina mfereji wala vitundu. Mchoraji alisahau.

Pole ndugu yangu. Tumia msumeno wa chuma wenye meno 32 kwa inchi, bodi ikiwa imebanwa karibu kabisa na mstari. Weka blade ya akiba, maana nyuzi za kioo hula meno upesi. Na pima kwanza: msumeno wenyewe unakula karibu milimita nzima.

Mwanachama wa Malindi (tena): Na nikitaka kujua kama kapasita imepasuka?

Hapo pagumu. Mita inaweza kukuambia ni nzima leo, kesho ikashoti. Ukishaona bodi imepinda wakati wa kuivunja, badilisha zile za kauri zilizo karibu na ukingo, kuanzia zilizo kubwa. Kubwa hupasuka kabla ya ndogo. Bei yake ni ndogo kuliko nauli ya kuifuata mashua Kizingitini.

Dada mmoja wa Lamu: Nimepaka rangi ya kucha ukingoni kuzuia chumvi. Nimekosea?

Hujakosea sana, dada, lakini hulainika kwa joto na hubanduka. Tafuta vanishi ya akriliki ya bodi za umeme. Safisha kwa spiriti, acha ikauke kabisa, ndipo upake. Ukipaka juu ya chumvi umeifungia ndani.

Mwanachama wa Shela: Nachora paneli yangu mwenyewe safari hii. Kapasita niziweke wapi?

Milimita 5 au zaidi kutoka kwenye mstari, na zilale sambamba nao. Ikisimama kuukabili mstari, ncha moja inavutwa huku na nyingine kule. Nitumie mchoro kabla hujaagiza, niutazame.