Jinsi ya Kulifuata Azimio la Pamoja Mpaka Liwe Sheria

Sisi tunaoandaa miswada hapa Kampala tumezoea Bunge la ukumbi mmoja, ambapo azimio huwa na nguvu pale Katiba inapolipatia nguvu hiyo, kama Ibara ya 124 inavyotaka theluthi mbili ya wabunge wote waridhie kabla Rais hajatangaza hali ya vita. Anayesoma nyaraka za Kongresi, yaani Bunge la Marekani lenye mabaraza mawili, hujikwaa upesi, kwa kuwa huko maazimio ni ya aina tatu na ni aina moja tu inayoweza kuwa sheria.

Hatua ya kwanza, soma maneno ya kuazimia kabla ya kitu kingine chochote. Yakisema kuwa Seneti na Baraza la Wawakilishi wanaazimia wakiwa wamekutana katika Kongresi, hilo ni azimio la pamoja, ndiyo aina inayoweza kuwa sheria. Yakisema kuwa baraza moja linaazimia na jingine linaafiki, azimio hilo halipelekwi kwa Rais wala halimfungi mtu aliye nje ya Kongresi. La baraza moja pekee halifiki hata hapo: mwaka 1983 Mahakama ya Juu iliamua, katika kesi ya Chadha, mzaliwa wa Kenya, kwamba Baraza la Wawakilishi peke yake halikuwa na mamlaka ya kubatilisha uamuzi uliomruhusu kubaki nchini humo.

Hatua ya pili, linganisha maandishi. Kura mbili za ndiyo hazitoshi ikiwa baraza moja limebadilisha hata kifungu kimoja. Ama marekebisho yatarudishwa yakubaliwe, ama kamati ya upatanisho itaandaa nakala moja, nayo ipigiwe kura upya katika mabaraza yote mawili.

Hatua ya tatu, hesabu siku alizo nazo Rais za kulitia saini au kulikataa: kumi, bila Jumapili. Akilikataa, theluthi mbili katika kila baraza zinaweza kulipitisha hata hivyo.

Azimio la kurekebisha Katiba ndilo linalowapotosha wengi, maana huhitaji theluthi mbili tangu mwanzo, halipiti kwa Rais, na hukamilika majimbo 38 kati ya 50 yakiliridhia.

Kwa mazoezi, chukua azimio la vita dhidi ya Japani la tarehe 8 Desemba 1941, uzitafute hatua hizo moja baada ya nyingine: Seneti kura 82 kwa 0, Wawakilishi 388 kwa 1, na saini ya Rais Roosevelt siku hiyo hiyo.