Mwenye Kovu la Kuvimba Akikabiliwa na Upasuaji wa Tezi Dume

Ikiwa kidonda cha kutogwa sikio, cha chanjo au cha upasuaji wa zamani kiliwahi kukuachia kovu nene lililoinuka, mwambie daktari jambo hilo kabla hujapangiwa tarehe ya upasuaji wa tezi dume, hata kama hakukuuliza. Mwonyeshe kovu lenyewe, kwa kuwa keloidi, ambayo huvuka mipaka ya kidonda na kuingia kwenye ngozi isiyojeruhiwa, si sawa na kovu linalovimba na kubaki palepale.

Seli zinazounga jeraha hutengeneza kolajeni, yaani protini inayoipa ngozi uimara. Zikizidisha, ngozi huvimba kwa nje, ilhali ndani ya njia ya mkojo ziada hiyo huibana njia yenyewe. Miongoni mwa wanaume walioondolewa tezi dume kwa sababu ya saratani, imeonekana kwamba wenye kovu pana tumboni walipata zaidi tatizo la kubanwa pale kibofu kinapounganishwa na njia ya mkojo. Hiyo ni dalili ya kuongeza uangalifu, wala si hukumu: wengi wenye keloidi hawabanwi njia ya mkojo, na mara nyingi chanzo cha kubanwa ni michubuko ya vifaa, maambukizi, au mpira mnene wa kutolea mkojo uliokaa muda mrefu. Kwa hiyo uliza mpira utakuwa wa ukubwa gani na utatolewa lini, kisha hakikisha umefungwa vizuri pajani usivutwe unapotembea.

Mpira ukishatolewa, pima mkojo wako mwenyewe nyumbani. Kojoa kwenye jagi lenye alama za mililita huku ukihesabu sekunde kwa simu, gawanya mililita kwa sekunde, kisha uandike jibu pamoja na tarehe. Fanya hivyo kibofu kikiwa kimejaa vya kutosha, kwani mkojo mchache hupotosha hesabu. Namba moja haina maana kubwa; kinachotisha ni namba zinazoshuka wiki hadi wiki, hasa mkojo ukiwa mwembamba, ukigawanyika au ukikulazimisha kusukuma. Nenda na daftari hilo kliniki, uombe kipimo cha kasi ya mkojo na picha ya eksirei yenye dawa ya kuonyesha njia.

Ukishindwa kabisa kukojoa, usinywe maji mengi ukitumaini yatasukuma. Nenda hospitali saa hiyohiyo. Na ikiwa njia imeshapanuliwa kisha ikabana tena, usikubali kupanuliwa mara kwa mara bila kuuliza kuhusu upasuaji wa kuitengeneza upya, ambao mara nyingi hutumia utando wa ndani ya shavu.