Usichokoe jeti ya kabureta kwa waya: pima kwanza mtiririko wa petroli

Kila masika yanapokaribia, wakati mabonde ya mpunga ya Unguja kama Cheju na Bumbwisudi yanapohitaji kulimwa kabla maji hayajatuama, kosa lile lile hurudiwa. Trekta la zamani la petroli huzimika katikati ya kazi, wakulima wanaosubiri zamu zao huanza kulalamika, na dereva, kwa haraka ya kuwaridhisha, hufungua kabureta, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa, palepale kondeni, huchomoa uzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli na kuchokoa jeti. Trekta huwaka, watu hufurahi, na hasara huanza hapo.

Jeti ni kipande kidogo cha shaba laini kinachopitisha petroli ndani ya kabureta, na tundu lake limetobolewa kwa kipimo kinachohesabiwa kwa sehemu za mia za milimita, ilhali waya wa breki ni feleji ngumu. Tundu la milimita 1.00 likipanuka hadi milimita 1.10, tofauti ambayo jicho haliwezi kuiona, eneo lake huongezeka kwa asilimia 21. Kuanzia hapo injini hupewa petroli nyingi kuliko hewa inayoingia: silensa hutoa moshi mweusi, plagi hujaa masizi, na petroli isiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda, kisha huteremka na kuifanya oili yote ya injini kuwa nyepesi, hata ringi na beringi zikalika kabla ya wakati wake. Hakuna skrubu wala ufundi wa kulirudisha tundu lililopanuka. Dawa yake ni kununua jeti mpya yenye namba ile ile iliyogongwa kwenye jeti ya zamani, na vipuri vya mashine hizi si vya kuokota dukani.

Linalosikitisha zaidi ni kwamba mara nyingi jeti haikuwa na kosa. Trekta linalowaka vizuri, likalima dakika 10 au 15, likapoteza nguvu na kuzima, kisha likawaka tena baada ya kupumzishwa, linaonesha kwamba petroli haifiki kwenye kabureta kwa kasi inayotakiwa. Vipande vya kutu vilivyomo ndani ya tangi huvutwa polepole na mtiririko hadi vikaziba mdomo wa koki, yaani bilula ya petroli iliyo chini ya tangi, na injini ikizimwa huachia na kutawanyika. Hewa yetu ya bahari ina unyevu mwingi, na tangi lililokaa nusu tupu kwa miezi hufanya maji na kutu kwa ndani hata kama nje linang'aa.

Kwa hiyo pimeni kabla ya kufungua kabureta. Katika trekta kama Ferguson TE20, lililotengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia mwaka 1946 hadi 1956, petroli huteremka yenyewe kutoka kwenye tangi lililo juu ya injini, na jambo hilo hurahisisha kipimo. Iacheni injini ipoe kwa nusu saa, ondoeni waya wa betri, na asiwepo mtu mwenye sigara karibu. Fungeni koki, fungueni bomba la mafuta pale linapoingia kwenye kabureta, wekeni chombo cha chuma chenye alama ya nusu lita, kisha fungueni koki huku mkitazama saa. Nusu lita ijae ndani ya dakika 2 au chini yake. Msiishie hapo, kwani wengi hutazama sekunde chache, wakaona petroli inatoka, wakasema njia ni safi. Endeleeni kwa dakika 5 kamili, mkibadilisha chombo kila kinapojaa, kwa sababu kutu huhitaji muda kufika kwenye koki. Kipimo cha sekunde 10 si kipimo, na msinieleze kwamba mmepima ikiwa hamkutazama saa.

Mtiririko ukianza kwa nguvu kisha ukalegea, fungueni kifuniko cha tangi. Ukirudi papo hapo, kitundu cha hewa cha kifuniko kimeziba, mara nyingi kwa tope au kwa udongo wa nyigu. Usiporudi, mwageni petroli yote ya tangi kwenye chombo, kisha ondoeni koki pamoja na kikombe cha kioo cha mashapo na safisheni chujio lake. Maji yakiwemo yatakaa chini ya kikombe, yametengana na petroli.

Ikiwa mtiririko ni mzuri na trekta bado linakosa nguvu, hapo ndipo jeti inapohusika. Itoeni kwa bisibisi inayoenea vizuri kwenye mfuo wake, iloweke usiku mzima katika petroli safi au dawa ya kusafishia kabureta, kisha ipulizeni kwa hewa ya kompresa. Tundu likiwa bado limeziba, pitisheni mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki ulio mwembamba kuliko tundu lenyewe. Nailoni haikwaruzi shaba. Skrubu ya mchanganyiko wa petroli na hewa msiitoe kabla ya kuikaza polepole huku mkihesabu na kuandika ni mizunguko mingapi inafika mwisho, na ikifika mwisho msiikaze, maana ncha yake huingia alama na haitasawazisha tena.

Njia ikiwa safi, trekta litavuta jembe bila kusita na bila moshi mweusi.

Kilimo kikimalizika, fungeni koki na kuiacha injini iendelee hadi izime yenyewe, ili petroli isibaki kwenye kabureta ikageuka ulimbo. Fanyeni hivyo siku ile ile ya mwisho ya kulima, kwani petroli ikishakauka ndani ya jeti, kazi ya kuloweka usiku mzima itawasubiri msimu ujao.